Kadi ya Steroidi kwa Mgonjwa wa Pumu

Si kila mwenye pumu anayehitaji kadi ya tahadhari ya steroidi. Anayetumia salbutamoli peke yake, dawa inayofungua njia za hewa na isiyo na steroidi, hahitaji. Kadi inamhusu anayevuta beklometasoni, budesonidi au flutikasoni kwa kipimo kikubwa na kwa muda mrefu, au anayeandikiwa vidonge vya prednisoloni mara kwa mara.

Juu ya kila figo ipo tezi ya adrenali, inayotengeneza kotisoli, homoni ambayo hulinda shinikizo la damu na sukari wakati mwili unapopambana na maradhi, jeraha au upasuaji. Kwa kuwa steroidi ya dawa hufanya kazi kama kotisoli, ubongo ukiikuta kwa wingi katika damu huacha kuziamuru tezi hizo, nazo huzorota, na huenda zikachukua miezi kadhaa kuzinduka baada ya dawa kusimamishwa. Inhela ya kipimo cha kawaida ni nadra kufikisha hali hiyo, kwa hiyo haifai kuachwa kwa hofu; kwa mtu mzima tahadhari huanza pale beklometasoni ya kawaida inapozidi mikrogramu 1,000 kwa siku au budesonidi mikrogramu 800. Anayetumia ritonaviri, iliyomo katika baadhi ya dawa za VVU, yumo hatarini hata kwa vipimo vidogo, kwani dawa hiyo huzuia ini kuzivunja budesonidi na flutikasoni. Beklometasoni humfaa zaidi.

Aliyepungukiwa kotisoli hulegea, hutapika, huumwa tumbo, sukari yake hushuka na fahamu huvurugika. Katika wilaya za Kibondo na Kasulu mkoani Kigoma, Tanzania, ambako malaria ni ugonjwa wa kila msimu, dalili hizo humfanya mhudumu afikirie kwanza malaria kali, na ni sawa afikiri hivyo. Tatizo ni kwamba maradhi haya mawili hayaondoani: malaria yenyewe ndiyo inayoweza kudai kotisoli ambayo tezi zilizozorota haziwezi kuitoa, na kipimo kinachoonyesha vimelea hakithibitishi kwamba hakuna jingine. Mgonjwa kama huyo akipewa atesuneti, dawa ya malaria kali, peke yake anaweza kuendelea kuzama hata vimelea vikipungua, ilhali anachokihitaji pamoja nayo ni haydrokotisoni ya kuziba pengo la kotisoli, miligramu 100 kwa mtu mzima, kwa sindano ya mshipa au ya msuli, pamoja na maji na sukari. Dawa hiyo si ngeni, kwani ndiyo ileile inayotumika katika shambulio kali la pumu; kinachokosekana ni mtu wa kusema kwamba inahitajika.

Uingereza ilianza kutumia kadi nyekundu ya dharura ya steroidi mwaka 2020. Katika nyanda za juu za Kigoma hakuna haja ya kusubiri kadi ya kuchapishwa, kwa kuwa daftari la matibabu ambalo wagonjwa wengi huenda nalo zahanati linatosha, ilimradi ukurasa wake wa kwanza, si ule wa katikati uliofunikwa na miandiko ya miaka, uandikwe na daktari jina la dawa, kipimo, tarehe ya kuanza, onyo kwamba isisimamishwe ghafla, na kiasi cha haydrokotisoni cha dharura. Mkimbizi anayetoka kambi ya Nyarugusu, au mkulima anayepelekwa kwa rufaa Hospitali ya Maweni mjini Kigoma, hupokewa na wahudumu wasioijua historia yake. Na kwa kuwa mwenye dharura hii mara nyingi hawezi kujieleza, ndugu anayemsindikiza anapaswa kulijua daftari hilo na kuutaja ukurasa huo kabla damu haijatolewa.