Handaki la Intaneti: Jinsi Anwani Mpya Zinavyopita Ndani ya Njia za Zamani

Mtu anayetaka kusafirisha mzigo kwa reli kutoka Zambia hadi Mwanza hukabiliwa na tatizo ambalo halionekani katika ramani. Reli ya TAZARA ina upana wa milimita 1067 baina ya chuma na chuma, ilhali Reli ya Kati ya zamani ina upana wa milimita 1000. Tofauti hiyo ni ya milimita 67 tu, lakini inatosha kulizuia behewa la reli moja lisitembee juu ya reli ya pili. Ndiyo sababu kituo cha kuhamishia mizigo kilijengwa Kidatu, mkoani Morogoro, ambako reli hizo mbili hukutana. Kontena linalofika hapo halihitaji kufunguliwa. Huinuliwa zima na kupakiwa juu ya behewa la reli nyingine, likaendelea na safari.

Mtandao wa Intaneti nao una njia za namna mbili zisizopatana, na dawa yake mojawapo hufanana sana na ile ya Kidatu. Dawa hiyo huitwa handaki. Katika makala haya tutaeleza kwa nini handaki linahitajika, jinsi linavyotengenezwa, na gharama zake.

Upungufu wa anwani

Taarifa yoyote inayosafiri katika Intaneti hukatwa vipande vidogo viitwavyo pakiti. Kila pakiti hutanguliwa na kichwa, yaani maandishi yanayotaja anwani ya mpelekaji na ya mpokeaji. Njiani zipo mashine ziitwazo ruta, ambazo kazi yake ni kusoma kichwa hicho na kuielekeza pakiti mbele. Kanuni zinazotawala muundo wa kichwa na anwani huitwa Itifaki ya Intaneti.

Toleo la nne la itifaki hiyo lilichapishwa Septemba 1981. Anwani yake ina biti 32. Mwanafunzi wa hisabati atatambua mara moja kwamba idadi ya anwani zote haiwezi kuzidi 2 kwa kipeo cha 32, yaani 4,294,967,296. Idadi ya watu duniani sasa imepita bilioni 8. Kama tungezigawa anwani hizo sawasawa, kila mtu angepata nusu ya anwani na ziada ndogo.

Tarehe 3 Februari 2011 mafungu matano makubwa ya mwisho ya akiba ya dunia yaligawiwa kwa mashirika matano ya kanda. Shirika la kanda yetu ni AFRINIC, lenye makao yake Mauritius. Januari 2020 shirika hilo liliingia katika awamu ya kubana matumizi, ambayo mwombaji hapewi zaidi ya anwani 1024 kwa ombi moja.

Kwa sababu ya uhaba huo, taasisi nyingi huficha kompyuta zake zote nyuma ya anwani moja ya nje. Mpango huo huwawezesha wanafunzi kusoma kurasa za watu wengine, lakini huwanyima jambo lililo muhimu vilevile. Shule ikitaka kuweka kompyuta yenye vipimo vyake vya mvua ili shule nyingine zivisome, mtu wa nje hawezi kuifikia moja kwa moja bila mipango ya ziada mlangoni. Shule hiyo yaweza kubisha hodi kwa jirani, lakini nyumba yake yenyewe haina namba.

Tiba ya kudumu ilichapishwa Desemba 1995, nayo ni toleo la sita. Anwani yake ina biti 128, na idadi ya anwani zote hukaribia 3.4 ikizidishwa kwa 10 kwa kipeo cha 38. Hata hivyo, matoleo haya mawili hayaelewani. Nafasi ya anwani katika kichwa cha zamani ni biti 32 tu, na hakuna hila iwezayo kuingiza biti 128 humo. Ruta inayofahamu toleo la nne pekee ikipokea pakiti ya toleo la sita, huitupa.

Handaki ni nini?

Tuseme shule iliyoko Mwanza na chuo kilichoko Dar es Salaam zimekwisha kuweka kompyuta zenye anwani za toleo la sita, lakini ruta zote za njiani zafahamu toleo la nne tu. Je, zingoje mpaka kila ruta ibadilishwe? La hasha.

Katika ruta ya mlangoni pa shule, pakiti ya toleo la sita hufungashwa nzima, pamoja na kichwa chake, ndani ya pakiti ya toleo la nne. Kichwa cha nje hutaja anwani mbili za zamani: ya mlango wa shule na ya mlango wa chuo. Hutaja pia namba 41, ambayo ni alama ya kumjulisha mpokeaji kwamba ndani mna pakiti ya toleo la sita. Ruta za njiani husoma kichwa cha nje pekee na kuipitisha pakiti kama nyingine yoyote. Ikifika mlangoni pa chuo, kichwa cha nje huondolewa, na pakiti ya asili hutoka kama ilivyoingia.

Njia hii imetumika tangu mwanzo. Mtandao wa majaribio ulioitwa 6bone, ulioanza mwaka 1996 na kufungwa tarehe 6 Juni 2006, ulianza kwa kuunganisha vituo vyake kwa mahandaki. Huko Ufaransa, mwishoni mwa mwaka 2007, kampuni ya Free iliwapatia wateja wake huduma ya toleo la sita kwa njia ya mahandaki, na kazi hiyo ilichukua wiki tano tu.

Kulitengeneza

Kutengeneza handaki hakuhitaji kuchimba wala kutandaza waya mpya. Hata hivyo, mambo matano hayana budi kutimizwa.

Kwanza, ruta za miisho yote miwili ziwe zinafahamu matoleo yote mawili, na kila moja iwe na anwani ya nje ya toleo la nne. Pili, kila ruta ielezwe anwani ya zamani ya mwenzake. Tatu, kila mwisho upewe anwani ya toleo la sita kwa ajili ya handaki lenyewe. Nne, ruta ziambiwe ni anwani zipi za toleo la sita zinazofikiwa kwa kupitia handaki. Tano, kinga za mtandao ziruhusu pakiti zenye namba 41, lakini zile tu zitokazo kwa mwenzi anayejulikana.

Majaribio nayo yafuate utaratibu. Hakikisha kwanza kwamba ruta hizo mbili zinafikiana kwa anwani za zamani. Kisha jaribu anwani za handaki. Mwisho jaribu kompyuta zilizo mbele ya handaki. Anayeanza na hatua ya mwisho, akashindwa, hatajua kasoro iko wapi.

Gharama zake

Kichwa cha nje huchukua baiti 20. Njia za kawaida za Etheneti hubeba pakiti isiyozidi baiti 1500. Kwa hiyo pakiti ya ndani isizidi 1480. Kwa pakiti kubwa hasara ni ndogo, kiasi cha asilimia 1.3. Lakini pakiti ya baiti 100 huwa 120, na hilo ni ongezeko la asilimia 20.

Ipo hatari iliyojificha zaidi. Katika toleo la sita ruta hairuhusiwi kukata pakiti iliyo kubwa mno. Huitupa na kumpelekea mpelekaji ujumbe kwamba apunguze. Kinga ya mtandao ikizuia ujumbe huo, mpelekaji hapati habari. Matokeo yake ni ya ajabu: maneno machache hufika, lakini picha au ukurasa mkubwa hauji kamwe. Fundi aonapo dalili hiyo, na aanze kwa kuchunguza kipimo cha 1480.

Aidha, handaki si kufuli. Pakiti ya ndani imefungashwa bila kufichwa, na aliye njiani anaweza kuisoma. Kwa hiyo ukaguzi haukamiliki kwa kutazama kichwa cha nje. Pakiti sharti ikaguliwe tena baada ya kufunguliwa.

Daraja, si makazi

Handaki huwawezesha walio tayari kusonga mbele bila kuwangoja wasio tayari, na hapo ndipo ilipo thamani yake. Lakini haliongezi ubora wa njia linamopita, na aliyeingia humo humtegemea daima anayelinda mwisho wa pili. Mfumo mmoja wa mahandaki ya kujitengeneza wenyewe, ulioanzishwa mwaka 2001, ulitegemea vituo vya kupokezana visivyo na mwenyewe dhahiri. Ulileta matatizo mengi, na mwaka 2015 matumizi ya vituo hivyo yalitangazwa kuwa hayapaswi kuendelea.

Tangu mwaka 2011 upo pia utaratibu rasmi ulio kinyume: pakiti ya toleo la nne hufungashwa ndani ya toleo la sita. Mbebaji wa jana amekuwa mzigo wa leo.

Zoezi la darasani

Mwalimu anaweza kuonyesha jambo hili bila kompyuta. Wanafunzi wawili wawe milango ya handaki, na watatu wawe ruta za njiani wanaosoma bahasha ya nje tu. Barua yenye anwani ndefu itiwe katika bahasha yenye anwani fupi, ipitishwe, kisha ifunguliwe. Halafu itengenezwe barua inayoenea barabara katika tundu lililokatwa kwenye boksi, na darasa lijaribu kuipitisha barua hiyohiyo ikiwa ndani ya bahasha ya pili. Itakapokwama, wanafunzi waulizwe: ni nani anayepaswa kumjulisha mpelekaji, na itakuwaje akizuiwa kusema?