Miti Yetu ya Matunda na Wanyama wa Porini

Kila mwaka shule inapofungwa mwezi wa Desemba, wenzangu wa mjini hurudi nyumbani kupumzika. Sisi tunaotoka Mang'ula twarudi kulinda. Wakati huo mpunga ndiyo kwanza unapandwa, lakini maembe yameiva, na mtu mwenye mwembe nyuma ya nyumba halali usingizi mzito. Mwalimu wetu wa Kilimo ameniomba nieleze jinsi watu wa bonde la Kilombero wanavyoilinda miti yao ya matunda. Nitaeleza niliyoyaona kwa macho yangu, na machache niliyoyasoma.

Kwanza msomaji apajue mahali penyewe. Upande mmoja wa bonde letu ipo milima ya Udzungwa, ambayo ni Hifadhi ya Taifa tangu mwaka 1992. Upande wa pili ipo ile nchi kubwa ya wanyama iliyoitwa Selous, ambayo sehemu yake ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Tembo hawana habari ya miaka hiyo. Wao wana njia zao za kale za kutoka mlimani kwenda ng'ambo, na leo katikati ya njia hizo pana mashamba ya miwa na mpunga, reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, barabara ya Ifakara, na nyumba zetu. Pamejengwa njia ya kuwapitisha tembo chini ya barabara, nao wamekwisha kuitumia. Hilo ni jambo jema. Walakini tembo hata akipita chini ya barabara pua yake anayo, na embe lililoiva hunukia mbali.

Nilipotafuta maktabani kitabu juu ya jambo hili nilipata kimoja cha Ulaya. Adui anayetajwa humo ni mnyama afananaye na swala, mwenye pembe za matawi zinazoanguka na kuota upya kila mwaka. Mnyama huyo hayupo porini kwetu. Kitabu chasema jenga uzio wa waya wa futi nane, basi, yamekwisha. Nilicheka peke yangu mpaka nikanyamazishwa. Waya wa futi nane kwa nyani ni ngazi, na kwa tembo ni uzi wa kushonea. Sisi tunaye sheshe, ambaye zamani bonde letu lilikuwa na wengi wake kuliko mahali pengine popote duniani, ingawa siku hizi wamepungua sana. Lakini sheshe hula majani ya mbugani, na sijasikia mtu akimshtaki kwa kula embe.

Kwa hiyo kabla ya kukata mti hata mmoja wa kujengea uzio, mjue mgeni wako. Bibi yangu hakubali uwanja ufagiliwe asubuhi kabla hajazunguka. Akiona udongo umefukuliwa na migomba imeng'olewa mizizi, hujua ni nguruwe mwitu. Akiona matunda mengi yameng'atwa mara moja tu na kutupwa, ni nyani, maana nyani ana haraka ya mwizi. Makapi yaliyotafunwa na kutemwa chini ya mti ni ya popo. Ncha za mche zikiwa zimekatwa, na kuna kwato ndogo zilizopasuka mbili, huyo ni mbawala (au mbuzi wa jirani, na hapo maneno huwa mengine). Gome likiwa limeguguniwa karibu na ardhi, mtafute ndezi.

Mche mdogo ndio rahisi kuulinda. Uzungushie tenga la mianzi au matawi ya miiba mpaka upite kimo cha mtu, na chini funga bati la debe kuuzunguka mti kwa ajili ya ndezi na panya, ila ulilegeze kadiri mti unavyonenepa usije ukanyongwa. Wengine hupaka shina na majani samadi mbichi iliyokorogwa na maji. Mbawala na mbuzi huchukia harufu yake, lakini mvua ikinyesha hapana budi kupaka tena.

Nguruwe mwitu huja usiku kwa kundi, naye haruki uzio bali hupita chini. Uzio wa miti uliosimikwa juu juu huuinua kwa pua kama mtu anayefunua mkeka. Yafaa miti ishindiliwe ndani ya udongo na kusogezwa karibu karibu, au upandwe ukuta wa mkonge. Kwa popo, fenesi na embe moja moja huvikwa gunia au wavu. Sisemi popo auawe. Popo wakubwa wala matunda ndio wanaosambaza mbegu za mvule, na bila mvule mafundi seremala wa Ifakara wangekuwa na kazi gani?

Nyani ndiye anayenitia hasira. Huja mchana, anahesabu watu, na akiona mtoto peke yake hana hofu hata kidogo. Uzio haumzuii. Kinachosaidia ni kukata matawi yanayounganisha miti ya msituni na miti yako ili asipate daraja, kufuga mbwa, na zaidi ya yote kuwapo mtu. Basi mtu huyo huwa nani? Mara nyingi ni mtoto wa shule. Darasa la sita nilikosa masomo siku nyingi kwa kuamia, yaani kuwafukuza wanyama shambani, na hesabu za sehemu nilizozikosa siku hizo nimekuja kuzielewa Kidato cha Pili. Wazazi wanaosoma gazeti hili nawaomba wapange zamu na majirani. Mtu mzima mmoja aweza kulinda nyua tatu, na watoto wote watatu wakaenda shule.

Wako watu waliochoka ambao hutia sumu ndani ya ndizi. Hili ni kosa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na tena ni upumbavu. Ndizi haijui kama aliyeiokota ni nyani au ni mdogo wako.

Sasa nije kwa tembo. Tembo mmoja aweza kula kilo 150 kwa siku, na haji kwa ajili ya kuonja. Wakulima hufunga kamba za katani zilizolowekwa katika oili chafu iliyochanganywa na pilipili ya kusaga, pamoja na vipande vya nguo. Wengine huchoma usiku mavi makavu ya tembo yaliyochanganywa na pilipili, na moshi wake huchoma pua hasa. Dawa nyingine ni nyuki. Mtafiti Lucy King alionyesha mwaka 2007 huko Kenya kwamba tembo wakisikia tu sauti ya nyuki huondoka mbio. Ngozi ya tembo ni nene, lakini nyuki humwuma kando ya macho na ndani ya mkonga. Kutokana na hayo ulibuniwa uzio wa mizinga, ambao umetumika sana Sagalla karibu na Tsavo Mashariki, na wakulima wa Mang'ula nao wameujaribu. Mizinga huning'inizwa kila baada ya mita kumi na kuunganishwa kwa waya. Tembo akigusa waya, mizinga yote hutikisika na wenyewe hutoka nje. Isipokuwa mzinga mtupu haumtishi mtu, na wakati wa ukame nyuki huhama. Yahitajika kuutunza uzio, si kuujenga na kuuacha.

Kwetu hatuna uzio wa mizinga. Tuna mwembe mmoja, na Desemba nilipokuwa Kidato cha Pili tembo aliujia usiku wa manane. Alivunja matawi mawili, akakanyaga migomba, akaegemea ukuta wa jiko ukaanguka. Tulikaa ndani kimya, tumemziba mdogo wangu mdomo. Hakuna aliyetoka na tochi wala jiwe, na hivyo ndivyo inavyotakiwa: mpishe, umwite mwenyekiti wa kijiji, naye awaite askari wa wanyamapori, ambao bibi bado huwaita Bwana Nyama. Zipo kanuni za mwaka 2011 za kulipa kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na wanyama wakali, na kifuta machozi kwa aliyeumizwa au kuuawa. Lakini ukuta wa jiko tuliujenga wenyewe.

Asubuhi mjomba alileta shoka. Alisema mwembe ndio unaomwita tembo, na kesho ataangukia nyumba yenye watu ndani. Alisema kweli. Bibi alisema mwembe ulipandwa mwaka aliozaliwa mama yangu, na maembe yake ndiyo nauli yangu, ndoo yangu na madaftari yangu. Naye alisema kweli. Walibishana siku mbili. Mwisho wakakubaliana maembe yote yaanguliwe yakiwa yamekomaa lakini mabichi, asibaki hata moja la kuivia mtini au kuozea chini. Tena yasivundikwe nyumbani, kwa sababu tembo huvunja hata nyumba akinusa chakula ndani. Yapakiwe kwenye basi yapelekwe Ifakara kwa shangazi, ayavundike na kuyauza sokoni.

Tumefanya hivyo Desemba mbili. Ya kwanza hakuja. Ya pili nyayo zilionekana zimeuzunguka mwembe mara moja, kisha zikaelekea mtoni. Mjomba asema hiyo ni bahati tu, na shoka hajalirudisha kwake. Mwaka huu nimeambiwa mwembe umechanua sana. Mtihani wetu utakwisha Novemba, kwa hiyo nitawahi kuangua.