UNAUZA KAPETI MTANDAONI? ULIZIA SAKAFU KABLA HUJAKATA

Leo naongelea kitu kilichonilia hela: unyevu wa sakafu.

Masika iliyopita nilimuuzia mama mmoja kapeti la manyoya, mita 4 kwa 3, nimelikata kwa vipimo vya sebule yake. Wiki ya 5 akanitumia picha, kapeti lina madoa meusi upande wa chini. "Mwanangu, umeniuzia kapeti bovu." Nikaenda mwenyewe. Kuinua kona tu, harufu ikanipokea. Sakafu imelowa, na ukutani kwa chini rangi imebanduka, kuna unga mweupe kama chumvi. Kumbe kapeti halikuwa na shida, sakafu ndo ilikuwa na shida. Lakini utamwambia nini mama wa watu saa hiyo? Nilimrudishia nusu ya hela, na kwa majirani zake bado mi ndo muuza kapeti bovu.

Sakafu ya saruji inaweza kuonekana kavu juu na ndani ina maji. Ikiwa wazi, unyevu unapanda kidogo kidogo na kukauka na hewa, huuoni. Ukiifunika, hasa kwa kapeti la plastiki au lenye mpira chini, unyevu unakosa pa kutokea. Fangasi wanaanzia hapo.

Kupima ni rahisi. Mteja achukue nailoni nzito isiyo na tundu, nusu mita kwa nusu mita, aibandike sakafuni kwa selotepu pana pande zote 4, hewa isipite. Aiache saa 24, zikifika 48 ni bora zaidi. Akikuta matone chini ya nailoni, au sakafu pale imekuwa nyeusi, maji yanatoka chini. Matone yakiwa juu ya nailoni, huo ni unyevu wa hewa ya chumbani, afungue madirisha. Apime sehemu 2, katikati na karibu na ukuta wa bafuni, akutumie picha.

Ikionekana mbichi, usikate. Na usidanganyike na ile ya "tandika nailoni kwanza alafu kapeti juu". Maji hayaishi, yanahamia ukutani. Atafute chanzo: bomba linavuja, mvua inatuama nje ya ukuta, udongo wa nje uko juu kuliko sakafu, au fundi hakuweka nailoni chini ya zege. Hiyo ya mwisho inataka fundi anayejua dawa za kuzuia maji. Kama hana bajeti, mi namuuzia zulia dogo la kuinua na kuanika. Faida ni ndogo, ila halirudi.

Nyumba mpya nayo ina yake. Mafundi hukadiria mwezi mmoja wa kukauka kwa kila sentimita 2.5 za unene wa zege, kwa hiyo zege la sentimita 10 ni kama miezi 4, na mvua inaongeza.

Siku hizi kabla ya kupokea hela natuma ujumbe huu, uchukueni: "Chumba kiko chini au ghorofani? Sakafu ina muda gani? Umeshapima kwa nailoni?" Akisema hana muda wa kupima, naandika hivyo kwenye risiti, namtumia asome, akikubali ndo nashika mkasi.