Elimu ya Mwanzo wa Ulimwengu Haimtoi Mtu Katika Imani

Katika visiwa vyetu hivi mtoto hulelewa na walimu wawili. Asubuhi yuko skuli, na alasiri, akishakula na kubadili nguo, yuko chuoni mbele ya maalim wake. Mpango huu ni wa miaka mingi na umetufaa. Hapana mzazi mwenye akili timamu atakayetaka uondoke. Walakini limo ndani yake jambo moja ambalo sisi wakubwa tumelifumbia macho. Mtoto akifika madarasa ya juu husomeshwa kwamba ulimwengu una umri wa miaka bilioni 13.8, kwamba ulianza katika hali ya joto kali na msongamano usio mfano, kisha ukatanuka, na kwamba ungali ukitanuka hadi leo. Alasiri ileile husomeshwa kwamba Mwenyezi Mungu ndiye aliyeziumba mbingu na ardhi. Hapana anayemwambia kama maneno haya mawili yanapatana au yanagombana. Naye, kwa kuwa ni mtoto mwenye adabu, haulizi. Hujifunza kumpa kila mwalimu jibu analolitaka, apate alama zake na aepukane na bakora.

Hiyo ndiyo hasara tunayoiogopa. Hatuogopi kwamba mtoto atakufuru, wala kwamba atashindwa mtihani. Tunaogopa kwamba atazoea kuwa na ndimi mbili katika jambo lililo kubwa kuliko yote, na mwenye kuzoea hivyo akiwa na miaka 15 hatashindwa kuendelea hivyo akiwa na miaka 40, amekaa nyuma ya meza ya ofisi.

Ukikaa barazani utawasikia wasemao kwamba sayansi imekwisha kuthibitisha kuwa ulimwengu umejitokea wenyewe, basi mambo ya dini ni ya wazee wetu. Utawasikia pia wasemao kwamba habari hizo zote za Mripuko Mkuu ni kufuru iliyoletwa kuwapotosha vijana. Hao wawili wanajulikana, na kila mmoja anajibiwa na mwenziwe. Lakini yuko wa tatu, naye ndiye apendwaye na wengi, kwa sababu huwatuliza wote: husema kwamba wanasayansi wamechelewa tu, kwani waliyoyagundua juzi yamo tayari katika Kitabu, na hutoa ushahidi wa aya ya 30 ya Surat Anbiyaa, inayotaja mbingu na ardhi kuwa zilikuwa zimeambatana kisha zikabanduliwa. Huyu wa tatu nia yake ni njema. Hata hivyo, kwa maoni yetu, ndiye anayestahili kuonywa kuliko wote, na aliyemwonya mapema zaidi ni yule yule aliyeileta nadharia yenyewe.

Wengi hushangaa wakiambiwa kwamba mtu huyo alikuwa padri wa Kanisa Katoliki. Jina lake ni Georges Lemaître, mzaliwa wa mji wa Charleroi, nchini Ubelgiji, mwaka 1894. Vita vya mwaka 1914 vilimkatiza masomo ya uhandisi akaingia jeshini, akatumikia katika kikosi cha mizinga. Vita vilipokwisha alisoma hesabu na fizikia, akasoma na elimu ya dini pamoja, akapewa upadri mwaka 1923. Kutoka hapo alikwenda Cambridge kwa mwanafalaki Arthur Eddington, kisha Marekani, na aliporudi kwao akawa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Louvain.

Mwaka 1927 aliandika makala kwa Kifaransa katika jarida la Ubelgiji ambalo nje ya nchi ile halikuwa na wasomaji wengi. Humo alionesha, kwa kutumia milinganyo ya Albert Einstein, kwamba ulimwengu unatanuka, na kwamba makundi ya nyota yaliyo mbali yanatukimbia kwa kasi iliyo kubwa kadiri umbali wake ulivyo mkubwa. Mwaka huohuo alikutana na Einstein mjini Brussels. Einstein akamwambia kwamba hesabu zake hazina kasoro, lakini fizikia yake haikubaliki hata kidogo. Miaka miwili baadaye, 1929, Edwin Hubble alichapisha vipimo vyake kutoka California, vikaonesha yaleyale. Mwaka 1931 Lemaître alipiga hatua nyingine katika barua fupi iliyotoka kwenye jarida la Nature la Uingereza. Ikiwa ulimwengu unatanuka leo, alisema, basi jana ulikuwa mdogo zaidi, na juzi mdogo kuliko jana. Ukirudi nyuma hivyo utafika penye mwanzo, ambapo maada yote imekusanyika mahali pamoja mfano wa atomu moja kubwa iliyopasuka. Sura hiyo ya atomu moja imeachwa na wataalamu wa leo. Kiini cha neno lake kimebakia.

Nakala ya barua ile, aliyoipiga kwa taipu, ipo hata leo, nayo ina aya ya mwisho ambayo msomaji wa jarida hakuiona. Katika aya hiyo padri alimtaja Mungu, kwamba kwa asili Yake amejificha, na kwamba mwenye kumwamini aweza kufurahi akiona jinsi fizikia mpya inavyoweka pazia mbele ya uumbaji. Kisha akachukua kalamu akaifuta aya yote. Aliyeifuta ni mwandishi mwenyewe, ambaye hakuacha kusali wala kuamini hata siku moja.

Tahadhari yake ilikuwa na sababu. Wanasayansi kadha walikuwa wakimtilia shaka kwamba anataka kuiingiza Biblia maabara kwa mlango wa nyuma. Mwaka 1948 Fred Hoyle na wenziwe wawili huko Uingereza walitoa nadharia ya kushindana na yake, kwamba ulimwengu hauna mwanzo na hubaki katika hali moja daima. Na ni Hoyle huyo aliyeipa nadharia ya mwanzo jina la Mripuko Mkuu alipokuwa akizungumza katika redio ya BBC mwaka 1949, naye haikubali.

Ndipo likaja jambo lililomfadhaisha padri wetu. Tarehe 22 Novemba 1951 Papa Pius wa 12 aliihutubia Akademia ya Sayansi ya Vatikani, na katika hotuba yake akaeleza kwa furaha kwamba sayansi mpya imekuwa kama shahidi wa kuumbwa kwa ulimwengu. Mtu mwingine angalijivuna kusikia mkubwa wa dini yake akiitukuza kazi yake mbele ya wakubwa. Lemaître, aliyekuwa mwanachama wa Akademia hiyo tangu 1936, hakupendezwa. Alizungumza na aliyekuwa mshauri wa Papa katika mambo ya sayansi, na Papa alipowahutubia wanafalaki waliokusanyika Roma mwaka 1952 hakuyarudia maneno yale.

Ni kwa nini alikataa msaada mkubwa namna ile? Tazama hali ya elimu yenyewe ilivyokuwa wakati huo. Vipimo vya Hubble vilitoa umri wa ulimwengu wa miaka takriban bilioni 2 tu, hali mawe ya ardhi yalikwisha kupimwa na kuonekana kuwa ni makongwe zaidi ya hapo. Ni sawa na kuambiwa kwamba mama ni mdogo kuliko mwanawe. Katika mkutano uleule wa Roma mwanafalaki Walter Baade alieleza kwamba vipimo vya umbali vilikosewa, na kwa neno lake hilo moja ukubwa na umri wa ulimwengu ukaongezeka mara mbili. Tangu hapo hesabu imerekebishwa tena na tena. Lau imani ya watu ingalikuwa imefungwa kwenye hesabu ya 1951, ingalibidi ifunguliwe mwaka uliofuata. Mwenye kufunga chombo chake kwenye chombo cha mwenziwe kinachokwenda asishangae akijiona yuko bahari asiyoikusudia.

Hata hivyo nadharia ilishinda, na ilishinda kwa vipimo. Mwaka 1964 Arno Penzias na Robert Wilson, wakitumia antena kubwa huko New Jersey, Marekani, walisikia mvumo wa redio uliotoka kila upande wa mbingu, usiku na mchana, bila kupungua. Wakadhani ni njiwa waliotaga ndani ya antena. Njiwa wakaondolewa, kinyesi chao kikasafishwa, na mvumo ukabaki palepale. Mwaka 1965 ilitangazwa kwamba huo ni mabaki ya joto la ulimwengu ulipokuwa mchanga, lililopoa hata likafikia nyuzi 270 chini ya sifuri. Lemaître aliletewa habari hizo akiwa mgonjwa, muda mfupi kabla ya kufariki dunia tarehe 20 Juni 1966.

Pengine msomaji atasema haya ni ya Wakristo na Papa wao, au ni ya Wazungu na antena zao, sisi yanatuhusu nini. Kwanza, elimu hii si ngeni kwenye mwambao wetu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ambayo Kenya ilitimiza miaka 7 ya uhuru wake, setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa kuchunguza eksirei zitokazo mbinguni ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Pili, na hili ndilo kubwa, wanavyuoni wa Kiislamu walikwisha kulikabili suala hili zaidi ya miaka 800 kabla ya Lemaître.

Imam Ghazali, katika kitabu chake Tahafut al-Falasifa alichokiandika mwishoni mwa karne ya 11, aliwapinga vikali wanafalsafa waliodai kwamba ulimwengu ni wa milele na hauna mwanzo. Hapana mtu wa kumshuku Ghazali kwa udhaifu wa imani. Basi huyo Ghazali, katika utangulizi wa kitabu hichohicho, anatoa mfano wa kupatwa kwa mwezi. Anaeleza kwamba wanafalaki wamethibitisha kwa hesabu kuwa ardhi huingia kati ya jua na mwezi, na kwamba anayedhani ni wajibu wa dini kuwabishia katika hilo huidhuru dini mwenyewe, kwa kuwa msikilizaji aliyeuona ushahidi wa hesabu hatauacha. Ataitilia shaka dini. Karne iliyofuata alijibiwa na Ibn Rushd, naye alikuwa kadhi, si mzushi wa njiani. Waligombana kwa hoja na kwa kalamu juu ya kuwa ulimwengu una mwanzo au hauna, na kila mmoja alibaki akimwabudu Mola wake.

Na mfano huo wa kupatwa una asili ya juu zaidi. Jua lilipatwa siku aliyofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume Muhammad, na watu wakasema limepatwa kwa msiba huo. Mtume hakuipokea heshima hiyo. Aliwafahamisha kwamba jua na mwezi ni alama za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa wala kwa kuishi kwa mtu, kisha akawasalisha. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipopatwa, watu walisafiri hadi Rujewa, mkoani Mbeya, kuliona likibaki kama pete, na huku visiwani lilifunikwa sehemu. Saa yake ilijulikana kabla kwa hesabu za wanafalaki. Hesabu hizo hazikuiondolea sala ya kupatwa maana yake, na mwenye kusali hakuhitaji kuzikana.

Kama tumeweza kulifahamu hilo katika jua lililo juu ya vichwa vyetu, kwa nini tushindwe katika mwanzo wa ulimwengu? Fizikia hueleza ulimwengu umepita katika hali gani na kwa mfuatano upi. Ikirudi nyuma kabisa, milinganyo yake hukatika, na wataalamu wanabishana hadi leo kama palikuwa na kitu kabla. Tuseme kesho ikithibitishwa kwamba palikuwapo. Mwenye kuamini atakuwa amepoteza nini? Mafundisho ya dini hayasemi kwamba Muumba aliwasha utambi akaenda zake. Yanasema kila kilichopo kinamhitaji Yeye kila dakika, iwe dakika ya kwanza au hii ya leo. Kwa ajili hiyo mwalimu wa fizikia asemaye darasani kwamba Mungu hayupo amevuka mpaka wa somo lake, kwani hana kipimo cha jambo hilo. Naye maalim amtishaye mtoto kwa adhabu ya Akhera kwa kuutaja umri wa nyota anabeba mzigo ambao Ghazali aliukataa. Na wale wa aya ya Surat Anbiyaa wakumbuke kwamba wako wafasiri wa zamani walioifahamu kuwa ni mbingu kufunguliwa kwa mvua na ardhi kwa mimea, na Uislamu wao haukupungua kwa kutoijua habari ya mwaka 1927.

Wakuu wa elimu wana la kufanya hapa. Walimu wa sayansi na walimu wa vyuo wa wilaya moja aghalabu hawajuani, ingawa wanafunzi wao ni walewale. Wakutanishwe. Utangulizi wa Ghazali usomwe na kufasiriwa mbele ya wote, na mwalimu wa fizikia aeleze mvumo ule wa mwaka 1964 ulivyopatikana, aulizwe na ajibu. Kazi hiyo haihitaji fedha za wafadhili wala kamati mpya. Inahitaji chumba kimoja, siku mbili za likizo, na ofisa mmoja atakayekubali kuzipelekea pande zote mbili barua iliyo sawa.