Jiwe Dogo la Ivuna

Ukimuuliza mtu wa Ihanda habari za kimondo, atakunyooshea mkono upande wa Ndolezi. Hajakosea. Huko, humuhumu wilayani Mbozi, kimelala kipande cha chuma chenye urefu wa mita tatu hivi na uzito unaokadiriwa kati ya tani 12 na 16. Wenyeji walikijua tangu zamani. Mpima ardhi W. H. Nott alikiona mwaka 1930 na habari zake zikaingia katika vitabu vya wataalamu. Udongo unaokizunguka ulichimbwa pande zote ili umbo lake lote lionekane, na leo kinatunzwa na Mamlaka ya Hifadhi ya Eneo la Ngorongoro. Wanafunzi hupelekwa, wageni hupiga picha, na kila mmoja hukigonga kwa kidole asikie mlio wa chuma.

Lakini Mkoa wa Songwe una kimondo kingine, na kwa sayansi ya leo hicho cha pili ndicho kikubwa. Kilianguka jioni ya tarehe 16 Desemba 1938 huko Ivuna, kusini mwa Ziwa Rukwa, katika nchi ambayo sasa ni Wilaya ya Momba. Mawe yaliyookotwa, yote kwa pamoja, yalikuwa na uzito wa gramu 705 hivi. Hayafiki kilo moja ya sukari. Ni meusi, laini, yanayomeguka kama mkaa uliolowa, na mtu asiyeyajua angeyapita njiani bila kugeuza shingo.

Mawe hayo yamelipa jina kundi zima la vimondo. Wataalamu wa vimondo duniani kote wanapoandika herufi CI, ile C ni ya kaboni na ile I ni ya Ivuna. Mwanafunzi wa Tokyo au wa Houston anayesomea asili ya sayari hulitaja jina la kijiji cha bonde la Rukwa mara nyingi kuliko sisi tunaoishi juu yake, huku Mbozi. Hilo linaniuma, na ndilo lililonifanya niandike.

Tuanze na tofauti ya vimondo hivi viwili. Kile cha Ndolezi ni chuma, asilimia 90 hivi, na nikeli kama asilimia tisa. Chuma cha namna hiyo kimeshapita kwenye moto: kiliyeyuka ndani ya dunia ndogo ya kale na kikajitenga na mawe, kama shaba inavyojitenga na takataka zake katika tanuri. Kimesahau kilikotoka. Jiwe la Ivuna halijawahi kuyeyuka. Lilikusanyika kutokana na vumbi lililokuwa likilizunguka Jua changa, miaka bilioni 4.6 hivi iliyopita, likabaki na viungo vyake karibu vyote kama vilivyokuwa.

Tunajuaje? Jua limebeba zaidi ya asilimia 99 ya maada yote iliyomo katika mfumo wetu, kwa hiyo viungo vya Jua ndivyo viungo vya chungu kizima kilichopikiwa sayari zote. Mwanga wa Jua ukipasuliwa rangi kwa rangi hutuambia kuna chuma kiasi gani, magnesiamu kiasi gani, salfa kiasi gani. Ukichukua chembe ya jiwe la Ivuna ukaipima maabarani, uwiano unakuja uleule, elementi kwa elementi. Zinazopungua ni zile gesi nyepesi ambazo jiwe haliwezi kuzishika, kama hidrojeni na heliamu. Kuna kitu kimoja kinakwenda kinyume, nacho kinanivutia sana: lithiamu, hii iliyomo katika betri za simu zetu. Jua limeiunguza lithiamu yake tumboni kwa muda wote huu, hata iliyobaki usoni pake ni pungufu zaidi ya mara mia ikilinganishwa na iliyomo katika jiwe. Yaani kwa jambo hilo jiwe la Ivuna linakumbuka mwanzo kuliko Jua lenyewe.

Ndiyo maana jedwali zinazotumiwa na wanasayansi kuonyesha kila elementi ilikuwepo kwa kiasi gani mfumo wa Jua ulipoanza zimejengwa kwa sehemu kubwa juu ya kundi hili dogo la vimondo. Na kundi ni dogo kwelikweli. Yaliyojulikana kwa muda mrefu kuwa yalionekana yakianguka ni matano tu: Alais mwaka 1806 na Orgueil mwaka 1864, yote Ufaransa, Tonk ya India mwaka 1911, Ivuna, na Revelstoke ya Kanada mwaka 1965, ambayo iliacha gramu moja tu hivi.

Uchache huo una sababu. Jiwe la aina hii limejaa udongo wa mfinyanzi, na udongo huo ulizaliwa pale barafu ilipoyeyuka ndani ya jiwe mama huko angani na maji yake yakabadilisha madini. Maji mengine bado yamo, yamefungwa ndani ya udongo wenyewe. Wafyatuaji wa matofali watanielewa haraka: tofali bichi likianikwa hupoteza maji ya juujuu, lakini kuna maji mengine yaliyoshikana na udongo ambayo hayatoki mpaka tanuri liwake vizuri. Maji ya namna hiyo yamo katika jiwe la Ivuna, na ni ushahidi kwamba maji yanaweza kusafiri angani ndani ya mawe makavu kwa kuyatazama. Lakini udongo huohuo ndio udhaifu wake. Likilowa, hubomoka. Desemba ni mwezi wa mvua kwetu. Lingekaa nje masika yote, pasingebaki kitu cha kuokota.

Mwaka 2001 watafiti walitangaza kwamba wameona asidi amino katika Ivuna na Orgueil, hasa glisini na beta-alanini. Asidi amino ndizo matofali ya protini, na protini ndizo nyama na misuli yetu. Habari kubwa, lakini swali liliwakaa shingoni: jiwe lililoshikwa kwa mikono, likakaa makabatini miaka sitini likipumua hewa yetu, utajuaje kipi ni chake na kipi ni chetu? Jumba la makumbusho ya historia asilia la London, lilipopata kipande kikubwa cha Ivuna mwaka 2008, lilithamini sana kwamba mwenye nacho wa awali alikuwa amekihifadhi ndani ya nitrojeni, mbali na unyevu.

Jibu la uhakika lilikuwa moja: kulifuata jiwe la namna hiyo hukohuko liliko.

Japani ilirusha chombo Hayabusa2 mwezi Desemba 2014. Kiliifikia asteroidi Ryugu, mlima wa kokoto unaoelea wenye upana wa mita 900 hivi, katikati ya mwaka 2018. Mwaka uliofuata kiligusa uso wake mara mbili, na kabla ya mara ya pili kilikuwa kimefyatua risasi ya shaba kuchimbua kilichofichika chini. Kapsuli yake ilitua katika jangwa la Australia tarehe 6 Desemba 2020 ikiwa na gramu 5.4 za changarawe nyeusi, kijiko cha chai tu. Wataalamu walipoipima na kutangaza matokeo mwaka 2022, walisema sampuli za Ryugu zinafanana na vimondo vya aina ya Ivuna. Baada ya safari ya miaka sita, kilichokuwa kwenye kijiko kilikuwa ndugu wa jiwe lililoanguka bondeni kwetu mwaka 1938.

Kufanana huko kulikuja na fundisho lenye uchungu. Vimondo vya CI vilivyokaa makumbusho vina mishipa myeupe ya chumvi za salfeti, na kwa miaka mingi watu walibishana kama mishipa hiyo imetoka angani. Ryugu haikuwa nayo. Basi sehemu ya tuliyokuwa tukiyasoma katika Ivuna na Orgueil ilikuwa kazi ya hewa na unyevu wa Dunia. Hata hivyo viungo vya msingi, ule uwiano na Jua, vilisimama imara.

Kisha zikaja habari za kemia ya uhai. Mwaka 2023 wachunguzi walitangaza kuwa changarawe ya Ryugu ina urasili, mojawapo ya herufi ambazo RNA, molekuli inayobeba maelekezo ya uhai, imeandikiwa, pamoja na niasini, ile vitamini B3. Mwaka huohuo, tarehe 24 Septemba, chombo cha Marekani OSIRIS-REx kilidondosha jangwani Utah gramu 121.6 kutoka asteroidi nyingine, Bennu. Matokeo yake ya Januari 2025 yalitaja asidi amino 14 kati ya 20 zinazotumiwa na viumbe vya Duniani, na herufi zote tano za DNA na RNA. Nisisitize hapa, kwa sababu vichwa vya habari vilikimbia mbele ya watafiti: hakuna kiumbe kilichopatikana. Asidi amino zina umbo la mkono wa kushoto na la mkono wa kulia. Viumbe vya Duniani hutumia karibu kushoto tupu, lakini za Bennu zilikuwa mchanganyiko wa sawasawa. Ni kemia isiyo na uhai, iliyofika mbali ajabu peke yake.

Katika Bennu kulikuwa na jambo jingine ambalo msomaji wa Songwe ana haki ya kulielewa kuliko wengi. Walikuta chumvi za aina nyingi zilizoachwa na maji yaliyokauka polepole, chumvi ya kawaida ikiwamo. Na ikiwamo trona, ambayo sisi tunaiita magadi, hayahaya ya kulainishia maharage. Ilikuwa mara ya kwanza magadi kuonekana katika sampuli iliyotoka nje ya Dunia. Maana yake ni kwamba ndani ya jiwe mama la Bennu palikuwa na vidimbwi vya maji chumvi, vikakauka vikiacha tabaka juu ya tabaka, kama ziwa la magadi linavyofanya kiangazi. Ivuna yenyewe ni nchi ya chumvi. Wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen walichimba hapo miaka ya 1960 wakakuta vigae vya vyungu vya watu waliokuwa wakichemsha chumvi karne nyingi kabla ya jiwe kuanguka. Sidai kwamba chumvi ile ya bondeni na ile ya angani zina uhusiano, hazina. Ninachosema ni kwamba mzee aliyewahi kuona maji ya chumvi yakikaushwa ana picha kamili kichwani ya kilichotokea ndani ya asteroidi.

Sasa nina maombi mawili.

La kwanza ni kwa walimu wa sayansi wa Ihanda, Vwawa, Tunduma na Momba yote. Mkiwapeleka watoto Ndolezi, na muwapeleke, msirudi kabla hamjawasimulia habari za Ivuna. Na halmashauri ya Momba isimamishe Ivuna kibao kinachosema nini kilianguka pale na lini. Gharama yake ni ndogo.

La pili ni kwa kila anayelala na kuamka chini ya anga hili. Ukiona moto ukikatiza angani na ukasikia mshindo, kumbuka saa na upande. Ukikuta jiwe geni lenye ngozi nyembamba nyeusi kama lililoungua, usilipite kwa sababu ni jepesi. La aina ya Ivuna ni jepesi kuliko jiwe la kawaida la ukubwa uleule. Lipige picha palepale lilipo. Usilioshe, usilivunje, wala usilijaribu kwa sumaku, maana sumaku hufuta kumbukumbu zake. Livingirishe katika foili safi ya jikoni bila kulishika kwa mkono mtupu, liweke pakavu, na ulipeleke ofisi ya serikali ya kijiji ili habari ziwafikie wataalamu wa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini kule Dodoma. Fanya hivyo siku ileile, kabla mvua haijanyesha.