Mota ya Msumeno Inaponguruma Bila Kuzunguka: Fahamu Sababu na Hatua za Kuchukua

Na Mwandishi Wetu

Kuanzia Keko jijini Dar es Salaam hadi Mafinga mkoani Iringa, msumeno wa meza unaoendeshwa kwa mkanda ni mashine inayotegemewa na maseremala wengi katika kujipatia kipato. Pamoja na umuhimu huo, sekunde chache za kwanza baada ya kubonyeza swichi hupita bila kuzingatiwa, ilhali ndizo zinazoeleza hali ya mota, ya mkanda na ya umeme unaoingia karakanani.

Mota inapowashwa hutumia umeme mwingi kuliko inapokuwa kazini. Kwa mfano, mota ya kilowati 1.5, yaani takribani nguvu za farasi 2, inayotumia umeme wa volti 230, huhitaji takribani ampea 10 ikiwa inafanya kazi kikamilifu. Wakati wa kuanza, mkondo huo huweza kufikia ampea 50 hadi 70. Hali hiyo ni ya kawaida, kwa kuwa mota iliyosimama haijajenga nguvu ya kupingana na umeme unaoingia. Kadiri kasi inavyoongezeka mkondo hupungua, na mota isiyo na hitilafu hufikia mwendo wake ndani ya sekunde chache.

Hatari huanza pale mota inaponguruma bila kuzunguka. Joto ndani ya nyaya zake hukua kwa kipeo cha pili cha mkondo. Hivyo mkondo ukiwa mara 6 ya kawaida, joto huzalishwa mara 36. Katika hali hiyo mota inaweza kuungua kwa muda mfupi, na karakana iliyojaa vumbi la mbao na maranda huwa katika hatari ya moto.

Sababu ya kwanza ya tatizo hilo ni umeme hafifu. Nguvu ya mota ya kujizungusha hupungua kwa kasi kuliko volti zinavyopungua: volti zikishuka hadi asilimia 80, nguvu hiyo hubaki asilimia 64 pekee. Karakana nyingi huchangia tatizo hili zenyewe kwa kutumia waya mrefu na mwembamba. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba wenye urefu wa mita 30, ukipitisha ampea 50, hupoteza zaidi ya volti 35 kabla umeme haujaifikia mashine. Waya huo nao hupata joto, hasa ukiachwa umeviringishwa.

Sababu ya pili ni kapasita. Mota nyingi za umeme wa fezi moja hutegemea kapasita ili kuanza kuzunguka, na katika aina nyingi swichi iliyo ndani ya mota huiondoa kazini kasi inapofikia takribani asilimia 75. Kapasita ikifa, au swichi hiyo ikichakaa, mota hubaki ikinguruma. Kwa mota za fezi tatu, mngurumo wa namna hiyo huweza kuashiria kuwa fezi moja imekatika.

Sababu ya tatu ni mzigo wa mashine yenyewe. Mkanda uliokazwa kupita kiasi huelemea beringi na kuizuia mota, na mkanda uliolegea huteleza kwenye puli, hupiga kelele na kutoa harufu ya mpira unaoungua. Beringi zilizokauka grisi na ubao uliobana diski ya msumeno huleta matokeo yaleyale.

Ili kubaini chanzo, zima mashine, kata umeme kwenye swichi kuu na uhakikishe hakuna anayeweza kuurudisha. Kisha zungusha puli taratibu kwa mkono. Ikiwa nzito, kagua beringi na mkanda. Baada ya hapo ondoa mkanda, simama mbali na puli, na uwashe mota peke yake. Ikizunguka vizuri, elekeza uchunguzi kwenye mkanda, mhimili wa msumeno na kiwango cha umeme. Ikiendelea kunguruma, izime mara moja na umwite fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Kapasita isiguswe na asiye fundi, kwa sababu huweza kuhifadhi umeme hata baada ya swichi kuzimwa.

Aidha, yapo mazoea mawili yanayopaswa kukomeshwa. La kwanza ni kusukuma mkanda au diski kwa mkono ili kuisaidia mota kuanza. Mota ya fezi moja iliyokosa msaada wa kapasita hufuata upande wowote inakosukumwa, hivyo msumeno unaweza kuzunguka kinyume, huku mkono ukiwa jirani na meno yake. La pili ni kuweka fyuzi au breka kubwa zaidi kila ile ya awali inapojikata. Kufanya hivyo huondoa kinga na kuacha chanzo cha tatizo palepale.

Jambo jingine ni kurejea kwa umeme baada ya kukatika. Mashine yenye swichi ya kawaida iliyoachwa wazi hujiwasha yenyewe umeme unaporudi, hata kama seremala ameinama juu ya meza. Stata yenye kinga ya kukosa umeme huzuia hali hiyo, kwa kuwa mashine haiwaki hadi kitufe kibonyezwe upya. Stata hiyo ikiwa na kinga ya mzigo uliozidi, huiokoa pia mota iliyokwama.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri kusajili eneo la kazi na kuhakikisha sehemu hatari za mashine zimekingwa. Mkanda, puli na diski ya msumeno ni miongoni mwa sehemu hizo. Endapo moto utatokea, wananchi wanakumbushwa kupiga namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kapasita hununuliwa na mkanda hubadilishwa, lakini kidole kilichokatwa na msumeno hakioti tena. Mota inaponguruma bila kuzunguka, hatua ya kwanza iwe kuizima.