Mbele ya jopo la kampuni ya madini

Zamani Lubumbashi kazi ilirithiwa. Kampuni ya madini ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza kwa kukusanya vibarua kutoka mbali. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1920 ikabadili mwendo: ikataka mfanyakazi aishi kambini na mkewe, na watoto wao wasome katika shule za kampuni ili kesho washike nafasi za baba zao. Gécamines, iliyochukua mali yake mwaka 1967, iliendelea na desturi hiyo hadi fedha zilipokauka. Kuanzia mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, uliogharimiwa kwa msaada wa Benki ya Dunia. Mlango wa urithi ukafungwa hapo.

Mjukuu wa wafanyakazi wale, anayeishi leo katika mtaa wa Naviundu, hana baba wa kumtangulia. Anakwenda mbele ya watu asiowajua, wa Ruashi Mining, wa Kinsevere, wa Kipushi, au wa Kamoa-Kakula huko Lualaba, na ana nusu saa ya kuwaonyesha anachoweza. Katika familia nyingi yeye ndiye wa kwanza kufanya usaili wa namna hii, kwa hiyo nyumbani hakuna mkubwa wa kumwelekeza. Ndiyo maana naandika.

Najua jibu la mtaani: kazi ni ya mwenye mtu ndani. Wapo wanaoingia hivyo, na ni dhuluma kwa wengine. Lakini katika kampuni kubwa zenye wanahisa wa nje, ndugu mara nyingi anaweza tu kuifikisha CV yako mezani. Ukishaitwa, jopo linakuuliza maswali yaleyale waliyoulizwa wenzako na kila mjumbe anaandika alama zake. Hawafanyi hivyo kwa hisani. Mwaka 1998 watafiti Frank Schmidt na John Hunter walikusanya tafiti za miaka 85 wakaonyesha kwamba usaili wenye maswali yaliyopangwa hubashiri utendaji kazini vizuri kuliko mazungumzo ya kawaida. Paul Sackett na wenzake walipopima upya mwaka 2022 waliukuta ukiongoza orodha ya vipimo vyote walivyolinganisha. Kwako maana yake ni moja. Mtu mwenye maneno matamu asiyetoa mfano hapati alama, kwa sababu kwenye karatasi ya mjumbe hakuna mahali pa kuandika maneno matamu.

Mfano, basi. Hapa ndipo vijana wetu wengi wazuri wanapoangukia, na wanaangukia kwa sababu ya malezi mema. Tumefundishwa kwamba mbele ya wakubwa mtu hajisifu. Kijana akiulizwa, “Tueleze tatizo ulilowahi kulitatua,” anainamisha macho na kujibu, “Tulikuwa tunafanya matengenezo mbalimbali.” Mjumbe anasubiri aendelee, naye amemaliza. Nimekaa upande wa pili wa meza na kuona fundi hodari akipewa sifuri kwenye swali ambalo jibu lake lilikuwa mikononi mwake.

Msikilize mwingine, fundi umeme asiye na mwaka hata mmoja wa kazi ya kampuni: “Mtaani kwetu mashine ya kusaga mahindi ilikuwa inajikata kila baada ya nusu saa. Mwenyewe alitaka kununua mota mpya. Nilizima umeme kwenye kisanduku, nikamweka mtu asimame pale ili asije mwingine akauwasha. Nikapima nyaya tatu za mota, nikakuta kiungo cha mmoja kimelegea na kuungua. Nilikikata, nikaunganisha upya, nikawasha umeme, nikapima mkondo, zote tatu zikalingana. Ilisaga mchana kutwa, na mota mpya haikununuliwa.” Hakujisifu hata mara moja. Alisimulia kazi, na kila kitenzi kilikuwa na mwenyewe. Jopo lilisikia tatizo, hatua zake, kipimo na matokeo. Lilisikia pia jambo ambalo halikuulizwa: yule mtu aliyewekwa penye kisanduku.

Katika kampuni ya madini usalama una uzito kuliko cheti. Mgodini swichi haiachwi kulindwa na mtu tu; hufungwa kwa kufuli na kutundikwa kibao chenye jina la anayefanya kazi, na ufunguo anabaki nao mwenyewe. Fundi wa mashine ya kusaga alikuwa ameufikia msingi wa kanuni hiyo kwa akili yake. Ukiomba kazi ya kiwandani, huko ambako shaba hutolewa kwenye mawe kwa asidi ya salfuriki, ujue kwa nini asidi humiminwa kwenye maji na si maji kwenye asidi: joto linalozuka linaweza kuirusha usoni. Na swali hili lisikukute hujajiandaa: “Mkubwa wako anakuamuru uingie mahali unapoona pana hatari. Utafanya nini?” Wengi hujibu kwamba watatii, wakidhani ndiyo heshima. Jibu linalopewa alama ni kusimamisha kazi, kumweleza mkubwa ulichokiona, na kumpelekea taarifa mhusika wa usalama ikiwa hakubaliani nawe. Heshima inakaa kwenye namna ya kusema.

Kuhusu kuifahamu kampuni, usikariri historia yake yote. Jua inachimba nini, wapi, mali ya nani, na inachakata vipi. Kipushi ni zinki; ukienda pale ukazungumzia kobalti tu, umejionyesha hukusoma.

Mkazi wa Naviundu ana jambo jingine la kusema ambalo mgeni hana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamepima mashapo ya mto Naviundu, ya mito ya Luano na Ruashi, na ya chemchemi ya Luwowoshi, wakayakuta yamechafuliwa na metali, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2017. Ukiomba kazi ya maabara, ya mazingira au ya mahusiano na jamii, usifiche kwamba unaishi kando ya mto huo. Eleza kilichopimwa na kwa nini ni muhimu, kisha sema ungependa kufuatilia nini ukiwa ndani ya kampuni. Usiende kama mshitaki, wala usijifanye huoni. Mtu anayeweza kuzungumzia uchafuzi kwa vipimo, bila woga na bila hasira, ni adimu, na kampuni zinamhitaji kuliko zinavyokiri.

Lugha isikutishe. Usaili kwa kawaida huwa wa Kifaransa, na Kiingereza huongezwa pale wakubwa wanapotoka nje. Simulia mifano yako kwa sauti, kwanza kwa Kiswahili ili mpangilio ukae, kisha kwa Kifaransa. Usiikariri neno kwa neno, maana swali likigeuka kidogo utapotea.

Wakikuuliza kama una swali, uliza mkataba utasainiwa na nani. Migodini watu wengi huajiriwa na kampuni ndogo zenye zabuni, na nembo iliyo kwenye koti si lazima iwe jina lililo kwenye mkataba. Uliza kama mshahara unaotajwa ni kabla au baada ya makato. Anayekudai pesa ili jina lako lipite, hata akija na barua yenye mhuri, ondoka.

Soma pia Sheria ya Kazi ya Kongo ya tarehe 16 Oktoba 2002, japo vifungu vichache. Kipindi cha majaribio hakizidi miezi 6, na kwa kibarua asiye na ujuzi maalumu ni mwezi 1. Mkataba wa muda maalumu hauzidi miaka 2. Na kama utaanza kwa kuchukuliwa siku kwa siku, kama wengi wanavyoanza, andika tarehe zako kwenye daftari: ukishatimiza siku 22 za kazi ndani ya miezi 2, ukichukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, sheria inahesabu kwamba umeajiriwa kwa muda usio na kikomo.